Mama Mavuno na Gari Jeusi

Kwa miaka tisa, kila aliyemuuliza Mama Mavuno habari za binti yake alipewa jibu lile lile. "Gari jeusi lilimchukua mwanangu," alikuwa akisema, na mkono wake wa kulia ulipanda taratibu mpaka kifuani. "Mchana kweupe, watu wanaona. Hata viatu hakuvaa." Wanawake waliopanga foleni nyuma yake kwenye duka la dawa walitikisa vichwa, na muuza dawa mwenyewe alisahau alikuwa anahesabu vidonge vya nani. Aliposimulia hakuwa anatia chumvi. Aliamini kila neno.

Jina la Mama Mavuno hakupewa na wazazi. Alipewa na kazi. Zamani alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, yule anayekwambia, "Subiri nikuunganishe," na watu walisubiri kwa raha zao. Siku moja bwana mmoja alipiga simu kumuulizia mgonjwa wake. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu, mpaka opereta akamjia juu: "Baba, mgonjwa wako ameruhusiwa tangu jana, sasa unamtafuta nani?" Yule bwana akajibu, "Nakutafuta wewe." Alikuwa mwongozaji wa studio ya kutia sauti filamu za kigeni, na alikuwa hajapata mwanamke wa kumpa umalkia.

Hivyo ndivyo alivyoanza, ingawa kazi ya simu hospitali aliendelea nayo siku ambazo studio haikumwita. Kwa miaka ishirini, kwenye skrini mwanamke wa nchi ya mbali alifungua mdomo, na Kiswahili cha Mama Mavuno kikatoka. Alikuwa malkia, mkwe mkorofi, askari jela, mchawi, na mara moja nyangumi. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Ukutani walikuwa wamebandika magodoro ya zamani na trei za mayai ili kelele za chini zisipenye. Feni ilikuwepo, ila ilikuwa haiwashwi wakati wa kurekodi kwa sababu ilikoroma, kwa hiyo miungu na wafalme wote waliopita pale walipita wakivuja jasho.

Filamu iliyompa jina ilikuwa ya miungu ya Wagiriki wa kale, hadithi yenye umri wa maelfu ya miaka. Mungu wa kike wa mavuno, anayeotesha nafaka zote duniani, ana binti mmoja tu. Siku moja binti anachuma maua, ardhi inapasuka, Mfalme wa Kuzimu anatoka chini na gari lake linalovutwa na farasi weusi, anamnyakua msichana na kutokomea naye. Mama anamtafuta dunia nzima. Akimkosa, anazikataza mbegu zisiote, nchi inakauka, mpaka miungu wenzake wanaingiwa na hofu na kuamua binti arudishwe. Lakini huko chini binti amekwisha kudanganywa akala punje za komamanga, na aliyekula cha kuzimu haachiwi moja kwa moja. Basi miezi kadhaa anakaa kwa mama, miezi kadhaa kwa mume, na mama akibaki peke yake nchi hukauka tena.

Waliporekodi filamu hiyo, binti wa Mama Mavuno mwenyewe alikuwa ameondoka nyumbani wiki tatu tu. Wote pale studio walijua. Ilipofika zamu ya kulia, "Gari jeusi limemchukua mwanangu!", fundi mitambo alivua hedifoni akaziweka mezani, na mwongozaji, ambaye kila kipande alikuwa anakirudisha mara sita, hicho hakukirudisha. Kilio kile kikavuma. Watoto walikiigiza njiani wakitoka shule. Wanawake wazima walimsimamisha barabarani na kumwambia, "Mama Mavuno, ulitutoa machozi." Jina likamganda, jipya likafukuza la zamani, na hata kadi yake ya benki alipoisoma wakati mwingine alijiuliza huyu ni nani.

Sasa, mwaka huu, mwongozaji alimpigia simu asubuhi.

"Umerudi kwenye kiti chako," alimwambia. "Wametengeneza tamthilia mpya, sehemu nane. Ni ile ile ya komamanga. Nani mwingine nimpe?"

Mama Mavuno alipiga pasi gauni lake la kijani, akanywa maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo, akaenda. Moyoni alijisikia kama mtu anayekwenda kumsalimia ndugu.

Karatasi za mazungumzo alikabidhiwa na mtafsiri, dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, mwenye miwani minene, ambaye pale studio walimwita Profesa kwa sababu alikuwa hawezi kujibu swali bila kuanza na "inategemea." Mama Mavuno akaketi, akalamba kidole, akaanza kusoma akiwasubiri farasi. Ukurasa wa tano, hakuna farasi. Wa nane, hakuna. Ukurasa wa kumi na moja yule binti anaweka kikapu chake chini, anashuka ngazi ndefu ya mawe mwenyewe, kwa miguu yake, anafika mlango wa Kuzimu na kubisha.

"Hodi," anasema.

"Nani?" anauliza Mfalme wa Kuzimu.

"Mimi. Kuna nafasi?"

Mama Mavuno alirudi ukurasa wa kumi. Akaenda wa kumi na mbili. Akainama kuangalia chini ya meza, pengine kuna karatasi imedondoka.

"Profesa, mwanangu, hizi karatasi zimechanganyika."

"Hazijachanganyika, mama."

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari."

"Hakuna gari vipi? Sasa anachukuliwaje?"

"Hachukuliwi. Anakwenda."

Mama Mavuno alimwangalia yule dada kama mtu aliyeambiwa jua limehamishwa. Kisha akaendelea kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kichwa kilivyozidi kumzunguka. Katika tamthilia hii mama alikuwa amemjengea binti nyumba ya maua. Kila ua lililochanua duniani alilipanda mle, ili mtoto asitamani kitu cha nje. Nyumba nzuri ajabu, na mlango wake kwa ndani hauna kitasa. Komamanga binti halishwi kwa hila. Analipasua mwenyewe, anaziangalia punje, anauliza nikila hizi itakuwaje, anaambiwa, anakula. Na mama alikuwa na mazungumzo mengi kuliko mara zote, lakini karibu yote alikuwa anajitetea.

Wakati wa mapumziko alikwenda kukaa kwenye benchi la koridoni na Mzee Radi. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya Mkuu wa Miungu, zamani na sasa. Alipotamka neno "mbingu" vioo vya dirisha vilitetemeka, lakini riziki yake ya kila siku ilikuwa kuuza miwani ya kusomea kwenye kona ya barabara, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia hata kuku.

"Mzee, ipi ya kweli?" Mama Mavuno aliuliza. "Ile ya kwanza au hii?"

"Kweli gani, mama? Ni hadithi."

"Hata hadithi ina kweli yake. Ile mimi niliililia. Sasa wananiambia sikulia kwa sababu, nililia bure?"

Mzee Radi akakoroga chai yake muda mrefu. "Mimi nimekuwa Mkuu wa Miungu mara nne," alisema. "Mara ya kwanza nilikuwa mtakatifu, wananiimbia. Ya pili, jambazi. Ya tatu, mlevi wa kuchekesha. Safari hii ni baba asiyepokea simu za watoto. Nimeacha kuuliza. Ila nitakwambia kinachonirudisha. Hawa miungu wa Wagiriki hawana haya. Wanagombana mezani, wanaoneana wivu, wanawaficha watoto, wanasema uwongo halafu wanasahau waliusema. Ukiwaangalia unamwona shemeji yako. Nani atachoka kumwangalia shemeji yake akiumbuka?"

Profesa alikuwa anapita na kikombe chake, akasimama.

"Mama, hata hao Wagiriki wenyewe hawakuwa na moja," alisema. "Huyu alisimulia hivi, yule vile, kila mji na lake. Nasi tunaendelea tu. Unajua nilifanya nini? Nilihesabu. Kwenye ile filamu ya zamani, yule binti ana sentensi nne. Tatu ni 'Mama!' na ya nne anapiga kelele. Mtu ambaye hadithi yote ni yake! Sasa watu wanaotengeneza hizi mpya wanamuuliza, na wewe unasemaje?"

"Kwa hiyo mimi sasa ndiye mbaya?"

"Inategemea," Profesa alisema, halafu akaona uso wa mama wa watu na akatamani kulimeza neno lake.

Walirudi ndani. Feni ikazimwa. Kwenye skrini mwanamke mrefu mwenye nywele rangi ya ngano alisimama mbele ya mlango usio na kitasa, midomo ikamchezacheza, na Mama Mavuno alitakiwa kusema, "Nilifunga mlango kwa sababu nakupenda." Sentensi fupi, maneno matano. Mara ya kwanza alichelewa, midomo ikafunga yeye anaanza. Ya pili aliwahi. Ya tatu alisema "nilifungua." Ya saba sauti ilimkauka, sauti ambayo haikuwahi kumkauka hata akiwa nyangumi. Ya kumi na moja alinyamaza kabisa, akabaki anaitazama ile midomo ya yule mwanamke inavyokwenda bure.

"Nenda kapumzike, mama," mwongozaji alisema kwa upole. "Tutamalizia wiki ijayo."

Alifika nyumbani hata saa tisa haijagonga. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na sebule, safi, kila kiti na kitambaa chake. Akakaa bila kuvua viatu, akaanza kuipitia siku ile ya miaka tisa iliyopita, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

Binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Alikuwa amempata mwanamume, mpima ardhi, aliyemzidi miaka kumi na miwili na kufiwa na mke, mtu wa kuhama leo hapa kesho pale na mikebe yake ya ramani. Mama mtu alikataa katakata. Wakabishana wiki nzima. Kisha ile siku yenyewe, Jumanne, gari likaja. Lilipiga honi. Yeye alitoka mbio na mwiko mkononi, akaliona likikata kona, vumbi tupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini gari la namna gani? Alifumba macho alione. Milango miwili au minne? Alipokaza sana, aliona mikia. Aliona kwato.

Akafumbua macho haraka.

Alitoka akaenda kwa jirani yake wa ukuta mmoja, mkunga mstaafu, mwanamke aliyekumbuka uzito wa kila mtoto aliyemzalisha. Alimkuta barazani anachambua mchele.

"Shoga, nikuulize kitu, usinicheke. Siku ile mwanangu alipoondoka, lile gari lilikuwa la aina gani?"

"Gari gani?"

"Lililomchukua."

Mkunga aliweka ungo chini. "Mimi sikuona gari. Mtoto alipita hapa hapa, na sanduku kichwani. Aliniomba maji, nikampa. Akaenda kwa miguu mpaka kituoni."

"Wewe! Na miaka yote hii unanisikia nasema gari jeusi, gari jeusi?"

"Nilifikiri ni ile filamu yako," mkunga alisema. "Nikasema, mwache, ndivyo anavyojituliza. Watu wanapenda unavyoisema. Mimi mwenyewe naipenda."

"Na viatu? Si alikwenda bila viatu?"

"Alivaa vyako. Vile vya kahawia vya kazini, vimempwaya, anaviburuza chwa, chwa. Nikamwambia, mwanangu, utaanguka."

Mama Mavuno alirudi kwake hajui aanze na lipi. Viatu vya kahawia. Ni kweli vilipotea mwaka ule, na alikuwa amemlaani mwizi asiyemjua. Alisimama chumbani katikati. Kisha, bila kujua kwa nini, alivuta kiti, akapanda, akapapasa juu ya kabati. Kulikuwa na mfuko wa turubai, umejaa vumbi. Ndani mlikuwa na viatu vya msichana, jozi nne: vya chuo, vya kutokea, vya mpira, na ndala za waridi zenye ua lililokatika.

Nani aliweka mfuko ule pale? Hakuishi mtu mwingine nyumba ile. Na hapo ikamjia, si yote, vipande vipande. Mikono yake inakusanya viatu chini ya kitanda alfajiri. Anautia mfuko begani, anakwenda nao kazini, anakaa nao miguuni siku nzima huku akiwaambia watu, "Subiri nikuunganishe." Alikuwa na wazo, na wakati ule wazo lilionekana la busara kabisa: hana viatu, ataenda wapi?

Lakini ile honi alikuwa bado anaisikia. Ndiyo iliyomchanganya. Hata sasa, amekaa sakafuni na ndala mapajani, aliisikia vizuri, mbili fupi na moja ndefu.

Alimpigia simu binti yake. Walikuwa wakizungumza mara chache, habari za afya na mvua, kama watu waliokutana kwenye foleni. Binti alikuwa amekuja kumtembelea mara mbili tu, na mtoto wake mdogo, akakaa ukingoni mwa kiti, akaondoka kabla chai haijapoa.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka kukuuliza. Siku ile ulipoondoka, nilikuficha viatu?"

"Umekumbuka leo?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mama, wakati unawatangazia watu nimetekwa? Nasikia mpaka huku. Fundi wangu wa cherehani aliniuliza kama ni kweli niliburutwa na farasi."

"Mimi nilidhani umechukuliwa."

"Ulinifukuza."

"Mimi? Sikukufukuza!"

"Ulinifukuza usiku wa kuamkia siku ile, umesimama mlangoni kwangu. Ulisema, 'Nenda, na kila utakapokanyaga pakauke.' Nimekaa na maneno hayo miaka tisa. Kila mwaka mvua zikichelewa huku nayakumbuka."

Mama Mavuno alisimama wima na simu sikioni. "Hayo ni ya filamu!" alisema kwa sauti kubwa. "Hayo niliyasema studio! Namwambia Mfalme wa Kuzimu!"

"Mama."

"Haki ya Mungu. Umeyasikia kwenye filamu, ukadhani ni mimi."

"Ni wewe kwenye filamu."

"Si ndiyo hivyo! Yamekuchanganya."

"Una hakika?" binti aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeegemea ukuta akaukuta haupo.

"Nina hakika," mama alisema. "Nadhani."

Wiki iliyofuata alirudi studio. Hakumweleza mtu kitu. Feni ikazimwa, yule mwanamke mwenye nywele za ngano akasimama mlangoni, na Mama Mavuno akasema, "Nilifunga mlango kwa sababu nakupenda." Midomo ilikaa sawasawa. Lakini hakuisema kama malkia. Mwishoni sauti ilipanda kidogo, kama anayeuliza, kama anayetaka mtu amsaidie.

"Samahani, nirudie," alisema.

"Usirudie," mwongozaji akajibu. Profesa nyuma ya kioo alikuwa amevua miwani na anaifuta, na ilikuwa haina uchafu.

Jumamosi moja saa sita mchana binti alikuja, na safari hii hakuja peke yake na mtoto. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye mvi mbili tatu, mrefu, amebeba kopo la maziwa ya unga kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika karatasi za mahakamani. Kwa miaka tisa Mama Mavuno alikuwa anamwita "yule." Sasa yule alikuwa mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, na hakujua aongeze nini, mwanangu, baba, bwana, kwa hiyo akasema, "Pita, jua kali."

Walikaa. Mjukuu, msichana wa miaka saba asiyekaa kitako, alikuwa amekwisha kufungua droo mbili. Mama Mavuno aliwaandalia chai na mkate wa siagi, na kabla hajakaa vizuri akalitoa lililokuwa limemkaba.

"Nataka kujua habari ya gari," alisema. "Jirani anasema hakukuwa na gari. Mwanangu anasema hakukuwa na gari. Na mimi honi naisikia mpaka leo."

Mume na mke walitazamana.

"Gari lilikuwepo," mkwe alisema taratibu.

Binti akageuka. "Lilikuwepo?"

"Si siku ile. Kesho yake. Nilikuja nalo la ofisini nikuchukulie viatu, ulikuwa unalia miguu imechubuka. Sikukwambia kwa sababu sikuvipata." Alijikuna kidevu. "Nilipiga honi, naogopa kubisha. Mama alitoka na mwiko. Nikaondoka."

"Mbili fupi na moja ndefu?" Mama Mavuno aliuliza.

"Sikumbuki, mama. Labda."

"Lilikuwa jeusi?"

"Jeupe. Ila lilikuwa na tope sana."

Mama Mavuno aliegemea kiti. Kwa hiyo gari lilikuwepo, lakini halikuchukua mtu. Mtoto alikwenda kwa miguu, Jumanne, na gari likaja Jumatano, nyumba ikiwa tayari tupu. Alijaribu kuzipanga hizo siku mbili kichwani, moja mbele, moja nyuma, na kila alipozipanga zilirudi kukaa pamoja. Binti naye alikuwa anamwangalia mumewe kama mgeni, maana miaka tisa alilala kitanda kimoja na habari hiyo bila kuijua.

"Na yale maneno je?" binti aliuliza. "Tuangalie filamu tujue moja."

Filamu ilikuwepo. Mjukuu aliijua kuliko wote, maana huko kwao ndiyo iliyokuwa simu yake ya bibi. Alipotaka kumsikia, mama yake alimwekea. Walikaa wote wanne mbele ya runinga mchana ule, mapazia yamefungwa, na mtoto akawa anasema kila sentensi kabla haijasemwa. Ardhi ikapasuka. Farasi wakatoka. Kilio kikaja, na Mama Mavuno aliyekuwa mdogo kwa miaka tisa akalia sebuleni kwake mwenyewe, huku wa sasa amekaa na kikombe hajui aangalie wapi. Mfalme wa Kuzimu akaja, mama akamjibu, lakini si kwa maneno yale. Wakasubiri. Miungu wakakaa kikao, Mzee Radi akanguruma. Punje za komamanga zikaliwa. Maneno hayakuja.

"Labda ni mbele," Mama Mavuno alisema.

"Bibi, unatafuta nini?" mjukuu aliuliza.

"Pale ninaposema, kila utakapokanyaga pakauke."

"Hakuna hapo," mtoto alisema. "Mimi naijua yote. Hakuna."

Binti alinyosha mkono akaisimamisha filamu. Kwenye skrini yule mama alibaki mdomo wazi, katikati ya neno.

"Labda walikata," Mama Mavuno alisema. Aliutazama mlango wa kile chumba kilichokuwa cha binti yake, akijaribu kujiona amesimama pale usiku ule. Hakujiona. Alimwona yule mwanamke wa nywele za ngano, akamwona na yule wa zamani mwenye taji, wote wawili wamesimama mlangoni kwake. Yeye mwenyewe hakuwepo.

"Sikumbuki," alisema mwishowe. "Naapa sikumbuki. Lakini kama si filamu, basi ni mimi. Nilisema mimi. Na kama nilisema..." Hapo sauti yake, iliyowaliza watu wasiomjua, haikumpa kitu. "Mwanangu, sikutaka pakauke. Nilitaka ubaki tu."

Binti hakusema nimekusamehe wala hakusema sijakusamehe. Alitoka ukingoni mwa kiti akaja kukaa chini, karibu na miguu ya mama yake, na wakakaa hivyo. "Na mimi sijui tena nilisikia nini," alisema. "Tangu uniambie habari ya filamu, nikikukumbuka usiku ule nakuona na taji."

Mama Mavuno akacheka, bila kutaka. Binti akacheka. Mkwe, ambaye hakuwa na uhakika kama na yeye anaruhusiwa, alitabasamu ndani ya kikombe.

"Sasa tumalizie!" mjukuu akapiga kelele. "Bado anarudi kwa mama yake!"

Wakamalizia.

Saa kumi walipokuwa wanajiandaa kuondoka, binti alisema, akifunga kamba za viatu vya mtoto, "Mama, na wewe uje kwetu. Shule zikifungwa."

"Nitakuja," alisema Mama Mavuno. Kisha akasimama kama aliyepigwa kofi la mbali. "Kwenu ndiyo wapi?"

Miaka tisa alikuwa akisema alikochukuliwa, kule alikopelekwa, na alikuwa hajawahi kuuliza panaitwaje. Binti alitaja jina. Yeye akalirudia, akalikosea, mkwe akalitamka polepole kwa vipande. Hakukuwa na karatasi karibu isipokuwa zile za studio, kwa hiyo aliugeuza ukurasa mmoja wa tamthilia na kuandika nyuma yake: jina la mji, kwamba uko kaskazini, basi lipi, ashukie wapi, upande wa kushoto ukishapita tangi la maji.

Walipokwisha kuondoka alivaa miwani yake, ile aliyouziwa na Mzee Radi, akaisoma ile karatasi tena, kwa sauti. Kaskazini ni upande gani kutoka pale alipokaa, hakujua. Akatoka kwenda kumuuliza jirani.